Soma Maneno, Usisome Mtu

Mwaka ambao mama yangu alipata uvimbe kwenye titi, mimi nilikuwa nalipwa kusoma hofu za watu nisiowajua.

Kazi yenyewe nitaieleza, maana hata majirani zangu wa Mundika hawakuielewa. Waliamua kwamba nafanya utapeli wa mtandaoni, wakaanza kuniheshimu kidogo kwa hilo. Ilikuwa hivi. Watu wa ng'ambo, wengi wao Marekani, huweka pesa katika hisa za kampuni kubwa za teknolojia, hasa zile za chipu, vidude vidogo vinavyowekwa ndani ya simu na kompyuta ili vifanye kazi. Wakishaweka pesa zao hawatulii. Huingia mtandaoni wakaandika kwamba bei itapanda, bei itaanguka, mkurugenzi ni mwongo, mkurugenzi ni nabii. Kampuni fulani ilikusanya maoni hayo na kutuletea sisi Busia, nasi tukayapanga katika visanduku vitatu kwenye skrini: Matumaini, Hofu, na Kati. Tuliambiwa kuna mashine inayofundishwa kuelewa moyo wa mwekezaji. Walimu wake tulikuwa sisi.

Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa watu. Nilifundisha baiolojia na kemia katika shule ya upili kwa mkataba wa bodi yake, mkataba ukaisha, na hakuna aliyeniita tena. Kwa hiyo nilipopata kiti katika kile chumba kilichokuwa juu ya duka la mabati, karibu na stendi ya Busia, sikuuliza maswali mengi. Tulikuwa watatu. Mmoja alikuwa ameacha seminari akiwa karibu kabisa kuwa padri, mtoto wa wauza samaki wa ufuoni. Wa pili alikuwa mke wa dereva wa malori ya masafa marefu, ambaye kabla ya kazi hii aliuza mitumba pale mpakani. Huko chini walikata mabati kutwa nzima, na sisi huku juu tulisoma.

Kampuni za chipu nikazijua kama wapangaji wenzangu wa ploti. Kulikuwa na ile ya mashine zinazofikiri, ambayo kila mtu aliipenda au aliichukia. Kulikuwa na ile ya kisiwa cha mashariki ya mbali, inayowatengenezea wengine wote chipu zao, na jirani yake mkubwa akikohoa tu wawekezaji hawalali. Kulikuwa na ile ya zamani, iliyotamba enzi za kompyuta za mezani, sasa watu waliizungumzia kama mjomba aliyeuza shamba akalinywa. Niliweza kukueleza nani ana deni na nani ana maghala yaliyojaa bidhaa zisizotoka. Hisa yenyewe sikuwahi kuimiliki hata moja.

Sheria ya kazi ilikuwa kwamba kila maoni yasomwe na watu watatu bila kuonyeshana. Mkikubaliana, alama zenu zinapanda. Ukiachana na wenzako, zako zinashuka, na zikishuka sana kazi inatoweka kwenye skrini bila kwaheri. Sisi watatu tulikubaliana kupita kiasi. Hatukupeana majibu, naapa, ila tulikuwa tumelelewa na soko moja.

Hapa lazima nimwingize mama. Mama anakaa Amagoro na anauza mahindi Malaba. Malori hutoka Uganda na magunia, naye hupanda juu, hutoboa gunia kwa kijiti chenye ncha, hutoa punje chache, huzitafuna, kisha humwambia mwenye mali, "Hii ni ya kuku." Mwenye mali akisikia hivyo moyo unatulia, maana amempata mnunuzi. Lakini mama akisema mahindi ni mazuri sana, Mungu akubariki, yule mtu anaanza kufunga gunia lake, kwa sababu mama anaondoka. Ndivyo ilivyo kwa kila kitu pale. Siku akiuza vizuri hulia kwamba biashara imekufa kabisa, ili watu wa kanjo, watoza ushuru wa kaunti, wasimnusie na jamaa wasije kukopa. Siku akipata hasara husema tunashukuru, tuko tu, kwa sababu ukionyesha umeanguka hakuna atakayekuachia magunia ulipe baadaye. Faida inaliliwa na hasara inashukuriwa. Mtoto wa Malaba anajua hivyo kabla hajajua kusoma.

Basi sisi watatu tukaketi kusoma wawekezaji wa Marekani kwa macho hayo hayo. Mtu mmoja aliandika kwamba hisa ya kampuni ile ya chipu ni takataka, bei yake ni wizi, mwenye akili timamu hawezi kuigusa. Nikabonyeza Matumaini bila kusita. Huyu anataka kununua, nilijiambia, anaiangusha bei kwanza. Mwingine aliandika kwamba hisa zake zimeshuka kidogo lakini yeye yuko sawa, analala vizuri, hata simu haangalii, anamshukuru Mungu kwa alicho nacho. Nikabonyeza Hofu, na nikamwonea huruma. Siku zile bado niliwaonea huruma.

Wenzangu walibonyeza vilevile. Alama zetu za kukubaliana zikawa juu kuliko za makundi yote, na tukaletewa barua pepe ya pongezi yenye picha ya kombe. Mke wa dereva aliipiga chapa akaibandika ukutani. Mimi nilimpigia mama simu nikamwambia kazi inaenda vizuri, akanikemea nisiseme hivyo kwa sauti.

Mama alikuwa ameipenda kazi yangu kwa njia yake. Nilipomweleza mara ya kwanza, swali lake halikuwa hizo kampuni zinatengeneza nini. Aliuliza kama ni kweli watu hao wanaandika faida yao na hasara yao mahali ambapo kila mtu anaona. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama hawana wazazi. Lakini tangu siku hiyo, kila nikipiga simu, baada ya salamu aliuliza wanasemaje leo, kama anavyouliza bei ya mahindi iko vipi huko Tororo. Nami nilimwambia wamepanda, wameshuka, wanangoja. Aliguna. Nadhani walimsikitisha kidogo, kama watoto wanaotembea uchi barabarani.

Kisha kampuni ikachanganya maswali ya mtego katika kazi yetu, maswali ambayo majibu yake yalikuwa yameandaliwa na watu wa huko huko ng'ambo. Tuliyakosa karibu yote. Msimamizi, kijana wa Nairobi tuliyemjua kwa sauti tu, akatupigia siku hiyo kwa video. Alikuwa mpole. Alisema haiwezekani watu watatu kukosea kwa namna moja kila wakati, labda tunapeana majibu. Tukakana. Akachagua maoni ya yule anayelala vizuri, akamtaka mwenzetu wa seminari aeleze kwa nini ameyaweka kwenye Hofu.

Mwenzetu akaeleza taratibu, akauliza mwishowe kwamba kama mtu analala vizuri, ni nani aliyemuuliza habari za usingizi wake.

Msimamizi akasema maneno ambayo nimekaa nayo mpaka leo. "Guys, soma maneno, usisome mtu. Mtu akisema ako sawa, ako sawa."

Tulipewa muda mfupi wa kurekebisha, la sivyo kazi iende kwa kundi lingine. Picha ya kombe ikabanduliwa. Mwenzetu wa seminari alisema kwamba kama mambo yangekuwa rahisi hivyo, maungamo yangesikilizwa na mashine ya kutolea pesa. Tukacheka, kisha tukarudi kwenye skrini na kuanza kusoma maneno.

Nilijifunza haraka kuliko wenzangu, sijui kwa nini. Labda ni ule ualimu, nilizoea kusahihisha kwa mwongozo. Takataka ni Hofu. Niko sawa ni Matumaini. Sijui, tuone itakavyokuwa, ni Kati. Siku kampuni ya chipu ilipotangaza faida kubwa, yalikuja maoni mengi yenye picha za roketi na almasi, nikabonyeza Matumaini mpaka kidole kikafa ganzi. Siku uvumi ulipotoka kwamba wateja wakubwa wamepunguza kununua, watu wakaandika kwamba wamepoteza akiba ya karo, akiba ya nyumba, kwamba hawajui watamwambia mke nini. Nikabonyeza Hofu huku nikila mandazi. Sikusikia kitu. Jioni nilishuka ngazi, nikapita kati ya mabati, nikaingia kwangu, na mtu akiniuliza habari za siku, nilitazama mdomo wake nikangoja neno la kubonyeza.

Ilikuwa wakati huo ndipo mwanamke anayeuza maharagwe karibu na mama aliponipigia. Wamekaa pamoja sokoni tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na si mtu wa kupiga simu bure. Alisema tu, "Mama yako anainua gunia na mkono moja."

Nikaenda Malaba. Mama alikuwa amejifunga leso kifuani kwa kukaza, juu ya blauzi, na jua lilikuwa kali. Akaniambia biashara imekufa kabisa, na mimi niliona magunia yamepangwa mpaka karibu na bati. Nikamuuliza yeye mwenyewe anaendeleaje. Akasema, "Mimi niko tu. Tunashukuru."

Jioni hiyo kwake Amagoro nilimwomba anionyeshe. Alikataa, halafu akanionyesha haraka, amegeuza uso ukutani kama mtu anayedungwa sindano. Niligusa. Uvimbe ulikuwa mgumu na haukusogea. Nimewafundisha watoto sura hiyo ya kitabu, najua uvimbe usiosogea ni nini. Nilingoja nisikie hofu, nikaona badala yake naitafutia kisanduku. Nikamwambia twende hospitali, akasema sawa, na akaniuliza watu wangu wa hisa wanasemaje leo.

Tulienda hospitali ya serikali mjini Busia. Kipande cha nyama kikatolewa, kikapelekwa kupimwa, tukangoja, majibu yakaja. Daktari alikuwa dada kijana kutoka pwani, Kiswahili chake safi mpaka nilijisikia kama naongea na redio. Hakuficha. Alimweleza mama kwamba ni saratani, kwamba titi litolewe upesi kabla haijasambaa, na baadaye kuna dawa. Alieleza pole pole, akamshika mkono, akasema kwamba wengi wakiwahi hupona. Kisha akamuuliza kama amekubali.

Mama akasema, "Hakuna shida, daktari. Tunashukuru sana."

Daktari akatabasamu, akampangia siku na kitanda. Nami nikaridhika. Nilirudi kazini siku hiyo hiyo, nikasoma maoni kuhusu kampuni ya kisiwani, na nilipolala nililala.

Ngoja nieleze. Mama akitajiwa bei ya gunia akaanza kutukana mahindi, biashara ipo. Akisema hakuna shida, tunashukuru, biashara imekwisha na yeye yuko njiani. Neno hilo nimelisikia akilisema tangu nikiwa mgongoni mwake. Sijawahi kuona mwenye lori akilisikia na kubaki hapo akisubiri pesa. Daktari wa pwani angelijuaje? Mimi nilikuwa na kila sababu ya kulijua, lakini kwa miezi nilikuwa nimelipwa nisilijue, na nilikuwa hodari.

Siku ya kitanda nilisimama getini na chupa ya chai, beseni na shuka mbili. Mama hakuja. Simu yake ilikuwa imezimwa. Wauguzi walivumilia, kisha kitanda akapewa mwingine, mwanamke aliyekuwa amengoja kwenye korido na binti zake. Nikapanda gari hadi Malaba nikiwa na beseni langu mapajani.

Nilimkuta juu ya lori, mkono mmoja umeshika ukingo, anatafuna punje. Aliniona. Akamalizia kumwambia yule Mganda mwenye mali kwamba hii ni ya kuku, akateremka, akanikalisha juu ya gunia na kunimiminia chai, ile ile niliyokuwa nimeibeba. Nikamuuliza kwa nini hakuja.

"Lori iliingia," akasema.

Nilikasirika. Hasira hiyo ilinishangaza, maana kilikuwa kitu cha kwanza kunigusa baada ya muda mrefu. Nilimwambia kwamba lori huingia kila siku, na kwamba mimi si mtu wa kanjo hata anifiche. Nilisema kwa sauti, mwanamke wa maharagwe akageuka kutazama upande mwingine kwa adabu. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza, akakunja leso, akasema ninywe chai kabla haijapoa. Hakusema hapana. Kama angesema hapana ningejua pa kusukuma.

Daktari hakufoka nilipompigia. Alisema atatafuta nafasi nyingine, na akaipata, lakini alinieleza wazi kwamba baada ya hiyo itabidi mama aingie foleni ya hospitali ya rufaa ya Eldoret, na foleni ya Eldoret ni ndefu, na uvimbe haupangi foleni. Nilielewa. Nilimwambia mama maneno hayo hayo bila kupunguza. Alisema Mungu yupo.

Mwenzangu wa seminari alinishauri nimlete padri amzungumzie. Mke wa dereva alisema nimdanganye kwamba ni kupimwa tu. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilichofanya ni kwenda kwa mwanamke wa maharagwe, tukapatana kwamba siku hiyo yeye apokee lori la mama, atafune mahindi, ayatukane, anunue kwa niaba yake. Alisema, "Huyo mama yako anaogopa, na hakuna mtu amewahi kumwonyesha vile watu huogopa." Halafu akarudi kupima maharagwe kwa mkebe wake wa gorogoro.

Siku yenyewe mama alikuja. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani, kitambaa kichwani kimepigwa pasi, na mfuko wa plastiki wenye kanga, sabuni na rozari. Tuliketi kwenye benchi nje ya wodi. Niliuona mlango mkubwa wa kutokea ukiwa wazi na boda boda nje, na nilijua kwamba mguu mmoja wa mama uko pale benchini na mwingine uko Malaba. Daktari alipita akiwa amevaa nguo za kijani. Akaamkua kwa heshima, akamuuliza mama kama yuko tayari.

"Hakuna shida, daktari," mama akasema. "Tunashukuru."

Safari hii nililisikia. Nilisimama, nikamfuata daktari hatua chache, nikamwambia mama hajakubali.

Daktari akashangaa. "Si amesema hakuna shida?"

"Kwetu hiyo ni hapana, daktari."

Hakubishana wala hakuudhika. Alimtazama mama pale benchini, akatazama saa, akasema anaandaa mgonjwa mwingine kwanza, nasi tuzungumze, atarudi. Kisha akaniuliza: sasa yeye aulize vipi ndipo apate jibu la kweli? Nikamwambia sijui. Ndiyo ilikuwa kweli. Nilijua kumsoma mama, lakini kumfanya aseme sikujua, na bila yeye kusema hakuna wa kumlaza kitandani.

Nikarudi kuketi. Mfagiaji alikuwa anapiga deki, akatuomba tuinue miguu, tukainua. Kila kitu nilikuwa nimeshasema kule sokoni kwa sauti. Nilikuwa nimechoka, na chini ya uchovu hakukuwa na kitu, palikuwa pakavu tu. Nikatoa simu kwa mazoea. Alfajiri nilikuwa nimeanza kusoma fungu la siku iliyotangulia, na kidole kilitaka kuendelea.

Mama akachungulia. "Wale watu yako ya hisa," akasema, "leo wanasema nini?"

Hisa za chipu zilikuwa zimeporomoka wiki hiyo, kampuni kubwa na ndogo kwa pamoja, skrini nyekundu juu mpaka chini. "Wameanguka, mama," nikasema. "Wanaogopa."

"Wakiogopa wanasema aje?"

"Wanasema wanaogopa."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu." Nikashusha skrini mpaka kwa mmoja niliyempitia alfajiri, nikamsomea nikigeuza kwa Kiswahili. Alikuwa mzee, au alijiita mzee. Aliandika kwamba ameweka pesa yake ya uzeeni kwenye ile kampuni ya chipu za mashine zinazofikiri, akamalizia: naogopa, sijui nifanye nini, nani yuko hapa nizungumze naye.

Mama aliniomba nirudie. Nikarudia. Aliuliza kama mtu huyo ameandika hivyo mbele ya watu, nikamwambia mbele ya dunia nzima. Aliuliza watu walimjibu nini. Sikuwa nimeangalia. Kazi yetu haikuhitaji majibu, ilihitaji kisanduku tu, na kidole changu kilikuwa kimeshampita. Nikashuka chini, nikamsomea. Wawili watatu walimcheka. Mmoja alimwambia auze. Lakini wengi waliandika: hata sisi, mzee, hata sisi tunaogopa, tumekaa hapa hapa tunatazama kama wewe. Mmoja alimuuliza amekula.

"Na wewe," mama akasema, "huyo mzee umefanya nini na yeye?"

"Nimemweka kwa kisanduku cha hofu."

"Halafu?"

"Halafu basi. Nimesoma mwingine."

Mama aliguna, ule mguno wake wa siku zote, akaupakata ule mfuko wa plastiki kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulilala tu. Boda boda aliyekuwa nje alipata abiria akaondoka. Mama aliutazama mlango mpaka vumbi likatulia. Nilijua kwamba anatafuta namna ya kulipitisha jambo hili bila kulitaja, kama alivyofanya maisha yake yote, na kwamba sokoni hapakuwa na neno lake.

"Basi na mimi," akasema, "uniandike hapo."

Nilimtazama. Alikuwa anaangalia sakafu iliyopigwa deki.

"Kwa huyo mzee," akasema. "Uniandike karibu na yeye."

Sikumwambia kwamba mahali pa kumwandika hapakuwepo, kwamba skrini ile ina vitufe vitatu tu na hakuna hata kimoja cha watu wa Amagoro. Niliweka simu mapajani, nikamwambia nimemwandika. Akauliza kama watu wataona. Nikasema mimi nimeona. Akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei na kuona haina ubaya.

"Sasa umwambie daktari," akasema. "Umwambie naogopa. Kisha akuje anipasue."

Nikainuka kwenda kumtafuta daktari. Safari hii niliisikia hofu yangu mwenyewe, na sikuitafutia kisanduku. Nilikwenda nayo hivyo hivyo mpaka mlango wa wodi, nikabisha.